Chupa Mbili kwenye Friji ya Mama Zuhura

Mpendwa Baba,

Kioko hanipi nafasi ya kupumua. Tangu wiki jana anapiga simu asubuhi na jioni akitaka maneno ya kuchongwa kwenye jiwe la kaburi lako, ili liwe tayari kabla ya maombi ya kutimiza mwaka. Kwa kuwa katika watoto wako mimi ndiye mwalimu, kazi hiyo amenitupia mimi. Jana akaniandikia ujumbe: "Fundi anangoja. Kama umekosa maneno tuweke haya: Mwalimu Aliyefundisha Ukweli." Wewe unamjua mwanao. Akishasema jambo, kwake limeshakuwa.

Nimekaa na ujumbe huo katika ofisi ya walimu, hapa shuleni kwetu ng'ambo ya soko la Ikutha, vitabu vya Gredi ya Sita vikiwa mbele yangu havijasahihishwa. Nikaona kabla sijamjibu Kioko nizungumze kwanza na wewe. Na barua hii sitaifunga. Kioko aisome, Mwaitu, mama yetu, asomewe, na wale niliosoma nao darasa la sita pale kwenye shule yako karibu na Tawa waisome pia, maana siku hiyo walikuwepo.

Hata kuanza kumenisumbua. Nimeandika "Mpendwa Baba" kwa sababu ndivyo barua inavyoanza, lakini haya ninayotaka kusema ni ya Mwalimu. Wewe mwenyewe ndiye uliyewatenganisha hao wawili. Siku ya kwanza nilipoingia darasa lako ulinisimamisha njiani, ukanielekeza kwa fimbo: "Ukishapita hilo lango la shule, mimi si baba yako. Utaniita Mwalimu." Nikakuita Mwalimu. Jioni tukifika nyumbani, nikileta swali la darasani, ulikuwa unasema hapa si shule, kamsaidie mama yako. Kwa hiyo shuleni sikuwa na baba na nyumbani sikuwa na mwalimu, na jambo langu nililokuwa nalo halikupata mahali pa kukaa. Nimelibeba mpaka leo nina watoto wawili na mvi.

Ulikuwa mwalimu mzuri. Sitakunyima hilo, ingawa leo nina hasira na ningependa kukunyima kila kitu. Shule yetu haikuwa na maabara, haikuwa hata na madirisha yenye vioo, lakini hakuna mtoto aliyepita mikononi mwako bila kujua joto linavyofanya kazi. Nakumbuka ulivyofunga waya wa ua kati ya milingoti miwili ya goli, ukaukaza kwa koleo mpaka ukalia, ukaning'iniza jiwe katikati likabaki limeinuka ardhini kiasi cha kidole. Ulitutuma mabua ya mahindi tukayapanga mstari chini ya waya wote, ukawasha. Tulichuchumaa tukitazama jiwe lile likishuka polepole bila mtu kuligusa, mpaka likakaa kwenye mchanga. Moto ulipokufa ukatuambia tusiondoke. Jiwe likainuka tena, na wewe ukawa unatembea nyuma yetu, mikono mgongoni, unafurahi kuliko sisi.

Ya vimiminika ulitufundisha kwa chupa ya dawa ya kikohozi. Uliijaza maji yenye wino, ukapitisha mrija wa biro kwenye kizibo, ukaziba kwa nta ya nyuki uliyoipata kwa jirani mwenye mizinga. Ukaiweka juani na kutuambia tuweke alama kwa kalamu kila kengele inapolia. Wino ulikuwa ukipanda mrija kama mtu anayepanda ngazi. Hadi mchana ulikuwa umefika juu na kumwagikia shati lako jeupe, na Mwaitu alilifua shati hilo wiki nzima akilalamika.

Siku ya hewa ndiyo niliyoipenda zaidi. Ulikuja na chupa tupu ya soda, ukalowesha sarafu ukaiweka mdomoni mwa chupa, kisha ukatafuta mtu wa kuishika. Vidole vya watoto viliruka juu. Ukaniita mimi. "Mumbua, wewe una mikono ya moto, njoo." Nikaikumbatia chupa kwa viganja vyote viwili, na baada ya muda sarafu ikaanza kucheza, tik, tik, tik, hewa ikitoka. Wenzangu walipiga makofi. Ukaniangalia, na kwa mara moja tu ndani ya lango lile nilimwona Baba. Hata leo nikitaka kulia huwa nakumbuka hapo, wala si mazishi yako.

Nyumbani nako, ingawa ulisema si shule, hukuweza kujizuia kabisa. Jua likizama mabati yalikuwa yakipiga ta, ta juu ya vichwa vyetu, na Kioko akiwa mdogo alidhani ni watu wanaturushia mawe. Ukamwambia mabati yalinyooka mchana, sasa yanajikunja yarudi yalivyokuwa. Nilikuwa nalala nikiyasikiliza, nikijua baba yangu anajua kila kitu. Niliamini hivyo kabisa, Baba. Ndiyo maana ile ya darasa la sita iliniuma namna ile.

Uliandika ubaoni kwa herufi kubwa: kila kitu kikipata joto hupanuka, kikipoa husinyaa. Ukapiga mstari chini mara mbili. Ukauliza nani ana mfano wa kitu kinachosinyaa kikipoa. Mmoja akasema waya, mwingine akasema mabati. Mimi nikanyoosha mkono.

Sasa, nani kati yetu alikuwa na habari ya barafu? Kitabu chetu kilikuwa hakisemi lolote juu yake. Ulianza kufundisha kabla hujaenda chuo, mengi ulijisomea mwenyewe, na kwetu hakuna kinachoganda. Katika Tawa yote niliyoijua mimi friji ilikuwa moja, ya mafuta ya taa, dukani kwa Mama Zuhura, yule mama Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka pwani. Mimi ndiye niliyetumwa pale kila siku, sukari, chumvi, kiberiti. Wiki hiyo Mama Zuhura alikuwa amesahau soda kwenye sehemu ya kugandishia. Akanionyesha akicheka: chupa imepasuka toka shingoni hadi kitakoni, na barafu imesimama nje ya mdomo wake kama kofia. Nikaja na habari hiyo darasani nikidhani nakuletea zawadi.

Nikasema, "Mwalimu, lakini maji hayafuati hiyo. Yakiganda yanakuwa makubwa. Nimeona chupa imepasuka kwa Mama Zuhura."

Ukaiweka chaki chini. "Kwa hivyo kitabu kinadanganya?"

"Sijasema kinadanganya, Mwalimu. Nimesema nimeona."

Nadhani hilo neno nimeona ndilo lililokuudhi. Ungeweza kucheka. Ungeweza kusema tutaangalia. Lakini darasa zima lilikuwa linatazama kama mtoto wa mwalimu ataachiwa, na wewe ulikuwa na sheria yako nyingine, kwamba mtoto wa mwalimu ndiye huchapwa kwanza ili asiseme mtu kuna upendeleo. Ulinichapa viboko viwili kila mkono, mikono ile ile ya moto. Kisha ukawaeleza wenzangu kwamba chupa ilipasuka kwa sababu kioo kilisinyaa kwa baridi kikayabana maji, ukawaambia waandike. Wakaandika. Mimi ukanisimamisha mbele.

"Waambie wenzako: nimesema uongo."

Nikasema. Ukasema kwa sauti, walioko nyuma hawajasikia. Nikasema tena kwa sauti.

Viboko sikudai. Wakati ule kila mtu alichapwa, na mkono hupona kabla ya kengele ya chakula. Lakini kumfanya mtoto asimame aseme alichokiona kwa macho yake hakukiona, hilo halikupona. Kuanzia siku hiyo jina langu likawa Barafu. Tukienda kuchota maji mtoni walikuwa wakiimba, Barafu, Barafu, chupa imepasuka? Kioko naye aliliimba, alikuwa mdogo hajui maana yake. Ulilisikia mezani kwako, Baba. Ulimwambia ale anyamaze, na mimi hukuniangalia.

Nikaenda sekondari ya bweni upande wa Matinyani. Kidato cha pili, mwalimu wa fizikia akaandika ubaoni kwamba maji yakikaribia kuganda hupanuka, na kwamba ndiyo sababu chupa iliyojaa maji hupasuka yakigeuka barafu. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya kununua sokoni, akaendelea. Mimi niliomba ruhusa nikaenda msalani kulia. Likizo ilipofika nikakiomba kitabu kile, nikakibeba kutoka Matinyani hadi nyumbani chini ya nguo zangu, nikakuwekea mezani, kimefunguliwa ukurasa wenyewe. Nilitaka usome tu.

Ulivaa miwani ukasoma. Nilisimama mlangoni nikihesabu mistari na wewe. Ulipofika mwisho ulikifunga kitabu taratibu, ukakisukuma upande wangu, ukasema, "Kesho mwende kuchota maji mapema, foleni ni ndefu." Mwaitu alikuwa pale anachambua pojo. Alinitazama, akatazama pojo zake.

Kwa miaka mingi nilikutetea moyoni kwa jambo moja. Nilijiambia siku ile hukujua. Mwalimu alifundisha alichokijua, alikosea kama watu wanavyokosea, na kitabu kilipokuja alikuwa ameshazeeka katika kosa lake, akaona haya. Mtu anaweza kuishi na hilo. Niliishi nalo. Nilikuja kukuuguza nalo, nikakulisha uji kwa kijiko nalo, na siku ya kukuzika nilisimama mbele ya watu nikasema ulikuwa mwalimu wangu wa kwanza. Mwanamke mmoja niliyesoma naye alinishika mkono pale kaburini akaniambia, "Barafu, pole sana." Hata hilo nilimeza.

Halafu siku tatu baada ya mazishi sukari ikaisha nyumbani, nikaenda dukani kwa Mama Zuhura.

Siku hizi duka anauza binti yake, yeye anakaa kwenye kiti pembeni, macho yamefifia. Aliponisikia sauti akaniita karibu, akanipa mkono wa tanzia, akaanza kukukumbuka. Akasema ulikuwa mtu wa ajabu, akawa anacheka kidogo. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema, maana nimeyarudia kichwani mara nyingi.

"Babako alinijia na chupa ya dawa kaijaza maji pomoni, kizibo kakikaza. Akaniambia, Mama Zuhura, niwekee hii pale pagandapo, usiiguse. Kesho yake akaja, kaikuta imepasuka. Akasimama pale ulipo wewe, aitazama tu. Kisha akaleta ya pili. Nayo ikapasuka. Nikamwambia, mwalimu, wanitafutia nini humu ndani? Akanijibu, nahakikisha jambo."

Nikamuuliza ilikuwa lini. Hakuhitaji kufikiri.

"Si ile wiki watoto walipoanza kukuita Barafu? Ulikuja hapa walia, nikakupa peremende. Yeye akaja kesho yake."

Baba, nilisahau sukari pale juu ya meza ya duka. Binti yake alinikimbilia nayo barabarani.

Kwa hiyo ulijua. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, jina la Barafu likiwa bado jipya, na wewe ulikuwa umeshasimama mbele ya friji ukaona kama nilivyoona mimi. Mara ya kwanza ningeweza kukuelewa. Chupa moja inaweza kuwa na ufa, na wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba jaribio moja halitoshi. Ukarudia, kama mwalimu wa sayansi anavyopaswa kurudia. Sijui uliwaza nini ulipookota vioo vile vya mara ya pili. Mama Zuhura anasema ulivifunga kwenye gazeti ukaondoka navyo, usije ukamkata mtu. Ulikuwa mwangalifu hivyo. Kisha ukatembea ukapita lango la shule, ukaingia darasani, mimi nimekaa dawati la pili kutoka mbele, ukatufundisha somo la udongo.

Ningekusamehe ujinga. Kiburi ningekisamehe pia, maana ninacho, nimekirithi kwako pamoja na meno haya. Nimeshindwa kulisamehe lile gazeti lenye vioo.

Hujui ulichokifanya kwa mkono wangu. Sikuunyoosha tena darasani, hadi kidato cha nne, hadi chuo cha ualimu. Nilikuwa najua jibu nakaa nalo. Fizikia niliiacha mara tu waliporuhusu mtu kuacha, mwalimu wa Matinyani akanisihi, nikamwambia sina kichwa cha sayansi. Kichwa nilikuwa nacho. Nilichokosa ni mtu wa kuniambia kwamba nilichokiona nilikiona. Kisha mambo yalivyo, nikaajiriwa, mwalimu mkuu akatazama ratiba akaniambia somo lililobaki bila mtu ni sayansi. Nilicheka, akadhani nimefurahi.

Na sasa nikuambie ya hapa Ikutha, kwa sababu nisipoyasema nitakuwa kama wewe.

Muhula huu tulifika kwenye joto na vitu yabisi, vimiminika na gesi. Nafundisha kwa njia zako, sijaona bora kuliko hizo. Nilifunga waya kwenye milingoti, nikaning'iniza jiwe, tukawasha mabua. Watoto walichuchumaa vilevile. Hata sarafu ilicheza mdomoni mwa chupa. Nikaandika ubaoni kwamba vitu vikipata joto hupanuka, nikaongeza yangu kuhusu maji na barafu, ambayo sijawahi kuikosa hata mwaka mmoja. Nikauliza kama kuna swali.

Kuna msichana anaitwa Mwende, mpigaji ngoma katika kikundi cha shule cha nyimbo za kitamaduni. Unajua wachezaji wetu wanavyofanya kabla ya kuanza: ngoma huletwa kando ya moto wa jikoni, ngozi inaota joto mpaka inakaza, mtu anagonga kwa kidole anasikiliza, akiridhika ndipo wanaingia uwanjani. Mwende amefanya hivyo tangu Gredi ya Nne. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, lakini ngoma yetu tukiiweka kwa moto inakaza. Kama ngozi inapanuka, si ingelegea?"

Swali hilo sikuwahi kulifikiria, na mimi nimezisikia ngoma hizo tangu tumboni mwa Mwaitu. Kengele ilikuwa karibu kulia, na watoto arobaini na kitu walikuwa wananitazama. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Mwende, hapa tunasoma sayansi, hatuchezi ngoma. Keti chini."

Akaketi. Hakununa wala hakulia. Alikunja tu ule mkono aliokuwa ameunyoosha, akauweka chini ya dawati, kama mtu anayeficha kitu asinyang'anywe. Naujua mkono ule, Baba. Na hili lilikuwa baada ya Mama Zuhura kuniambia yote. Nilikuwa nimelia mwaka mzima kwa ajili yako, na bado nilikuwa nimekuweka mdomoni, mzima, na chaki yako.

Jioni nilienda kwa mzee anayewamba ngoma za shule, nikamuuliza. Alinishangaa, mwalimu mzima hajui ugumu wa ngozi. Akaniambia ngozi hunywa unyevu wa asubuhi ikalegea, na moto kazi yake ni kuikausha. Akanipa vipande viwili vya ngozi ya mbuzi vilivyokauka, akaniambia nijaribu mwenyewe.

Asubuhi nikaingia navyo darasani. Niliwaomba watoto wanichangie kikombe cha maji kutoka kwa jerikeni zao za lita tano, hizo wanazobeba kutoka nyumbani kwa sababu tangi letu ni kavu. Kipande kimoja tukakilowesha kikalainika, kingine tukakiacha kikavu. Mwende akavipima vyote kwa rula akaandika ubaoni. Tukavitundika kwenye jua la Ikutha, ambalo halihitaji moto, na kabla ya chakula cha mchana tukapima tena. Kile kikavu hatukuona tofauti. Kile kilicholowa kilikuwa kimefupika upana wa kidole, maji yamepaa. Mwende aliandika vipimo akapiga mstari chini. Nikasimama mbele yao, mahali kama pale uliponisimamisha mimi, na nikasema:

"Jana Mwende aliuliza swali la kweli nikamwambia aketi. Nilikosea. Sikuwa na jibu, na badala ya kusema sijui nikamnyamazisha. Mwende, pole."

Unataka kujua kilichotokea? Mwende akasema, "Sawa, Mwalimu." Mvulana mmoja akauliza kama wanaweza kwenda kula. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyeacha kuniita Mwalimu. Jioni msichana mwingine, ambaye tangu mwaka uanze sijasikia sauti yake, alinifuata mpaka langoni kuniuliza kwa nini ugali ukipoa unapata ngozi juu. Kuomba radhi kulinichukua muda mfupi kuliko kufuta ubao, Baba. Nilisimama pale darasani nimeshika kifutio nikasikia uchungu ambao hata kaburini kwako sikuusikia, kwa sababu hadi saa ile nilikuwa nadhani ulinikatalia kitu kigumu.

Kwa hiyo nimemjibu Kioko leo. Fundi nimempa maagizo mawili. La kwanza, aache nafasi nyembamba kati ya saruji na jiwe kuzunguka kaburi lote, maana jua la Tawa likiikuta saruji haina pa kunyooka litaipasua kabla ya mwaka wa pili. Hilo nililijua kwako, na kaburi lako sitaki lipasuke. La pili, achonge jina lako, na chini yake achonge Mwalimu wa Sayansi. Kisha aache mstari mmoja mtupu.

Kioko amepiga simu papo hapo. Anauliza mstari mtupu ni wa nini, watu watadhani pesa za kuchonga zilituishia. Nikamwambia Baba alikuwa na sentensi moja ya kusema mbele ya darasa la sita, hakuisema, na mimi siwezi kumsemea. Amesema jiwe la namna hiyo litafanya watu waulize.

Nikamwambia waache waulize, kwenye hilo kaburi hakuna atakayeambiwa aketi chini.

Pumzika, Baba. Siku ya maombi nitakuja, nitaimba na wengine, na Mwaitu nitamshika mkono. Sijakusamehe bado, na sitaki nikudanganye kwamba nimekusamehe. Lango sasa halipo, kwa hiyo nakuaga Baba na Mwalimu kwa pamoja.

Ni mimi binti yako, na mwanafunzi wako wa dawati la pili kutoka mbele, aliyeona,

Mumbua